Herufi za mwanzo za majina ya mtoto: namna ya kuzikagua kabla ya cheti cha kuzaliwa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, na kwa kuwa ndiye ninayeshika rejista ya darasa la kwanza, wazazi wenye watoto wachanga huniletea swali lilelile mwaka hadi mwaka: herufi za mwanzo za majina ya mtoto zina umuhimu wowote, au ni kujisumbua bure? Nimeandika mwongozo huu ili nimpe kila anayeuliza.

Jibu ni kwamba zina umuhimu kiasi, na kuzikagua ni kazi ya jioni moja. Sisi tunaotumia jina la mtoto, la baba na la babu tuna nafuu kubwa, kwa sababu herufi mbili kati ya tatu zilishapangwa kabla mtoto hajazaliwa. Unachochagua ni herufi moja tu. Lakini ukiwa unakagua hiyo moja, utagundua mambo mawili mazito zaidi yaliyojificha nyuma yake: tahajia ya majina na lile jina la tatu. Hayo ndiyo yanayowatesa watu miaka ishirini baadaye, na ndiyo nitakayoyakazia.

Kuhusu bahati na umri wa kuishi, usiogope. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba, kwa kupekua vyeti vya vifo vya jimbo la California, watu ambao herufi zao zilisomeka kama neno baya walikufa mapema kuliko wenye neno zuri. Mwaka 2005 watafiti wengine, Morrison na Smith, walipanga upya takwimu kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa, na tofauti hiyo ikapotea. Herufi hazifupishi maisha ya mtu. Zinachoweza kuleta ni utani wa darasani, mizigo kuchanganyika bwenini na makaratasi kugongana. Hesabu ya nyota kwa jina la mtoto na la mama yake ni jambo jingine, siligusi hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Usifanye kwa kichwa.
- Kitambulisho cha Taifa cha baba, na cheti chake cha kuzaliwa kama kipo. Cheti cha kidato cha nne pia kiwe karibu.
- Vyeti au kadi za kliniki za watoto wengine wa nyumba hiyo, kama wapo.
- Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali au zahanati.
- Majina matatu hadi matano mnayoyapenda, pamoja na lile ambalo bibi au babu ameshalitamka.
- Kijana mmoja wa darasa la sita au la saba. Huyo ndiye mkaguzi wako mkuu, na nitaeleza kwa nini.

Fanya haya mapema. Mtoto anatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na siku hizo hukimbia mno ukiwa na mchanga ndani ya nyumba.

Hatua kwa hatua

1. Amueni jina la tatu.

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo msiharakishe. Jina la tatu la mtoto litakuwa la babu yake au la ukoo? Kwa mfano baba anaitwa Isaya Amosi Matonya. Mtoto wa kwanza, Neema, anaweza kuandikwa Neema Isaya Amosi, kwa kufuata baba na babu, au Neema Isaya Matonya, kwa kufuata baba na ukoo. Yote mawili yanakubalika. Kinacholeta shida ni mtoto wa kwanza kuandikwa Amosi na wa pili kuandikwa Matonya kwa sababu siku ile aliyekwenda ofisini ni shangazi. Wakikua, watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaonekana kwenye karatasi kama watu wa nyumba mbili. Wakati wa mirathi, au kijana anapoomba mkopo wa chuo na vyeti vyake kuhakikiwa, mtalazimika kutafuta viapo vya kueleza kitu ambacho mngekimaliza kwa dakika tano za mazungumzo.

Ushauri wangu ni ukoo. Jina la babu hubadilika kila kizazi, la ukoo hubaki. Ila kama watoto waliotangulia wameshaandikwa la babu, endeleeni na la babu. Ndugu kufanana majina ni muhimu kuliko maoni yangu.

*Kosa la kawaida:* kudhani baba anajua jina lake la tatu linavyoandikwa. Fungua kitambulisho chake usome.

2. Hakikisheni tahajia, maana herufi inatoka humo.

Baba anaitwa Yohana nyumbani na John kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi yake ni Y au J? Mama anataka binti aitwe Sesilia, padri anaandika Cecilia. Filipo na Philipo, Yusufu na Joseph, Karoli na Charles, yote hayo ni majina yenye herufi mbili za mwanzo kutegemea nani ameshika kalamu.

Majina ya kwetu nayo yana lake. Wagogo wengi huandika sauti ya *ch* kwa herufi C peke yake. Ndiyo maana jina la John Malecela wa Mvumi, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994, linaandikwa hivyo na kutamkwa Malechela. Ukoo unaoanza na sauti hiyo unaweza kuwa umeandikwa kwa Ci kwa baba mkubwa na kwa Chi kwa baba mdogo. Chagueni ile iliyo kwenye kitambulisho cha baba wa mtoto, hata kama haiwapendezi. Vivyo hivyo kwa L na R: karani akisikia Lehema ataandika Lehema, na mtoto atakaa mbali na akina Rehema maisha yake yote kwenye kila orodha.

Kwa kufupisha, jina linaloanza na Ch mnaweza kuliandika C. au Ch. Fomu nyingi zitachukua herufi moja tu, kwa hiyo fanyeni ukaguzi kwa C.

3. Andikeni herufi mbili zisizobadilika.

Chukueni karatasi. Juu kulia andikeni herufi ya baba na ya jina la tatu. Kwa nyumba ya Isaya Amosi, tukichukulia wamechagua jina la babu, ni I.A. Hizo hazisogei. Watoto wote wa nyumba hiyo watakuwa nazo.

Sasa tumieni kanuni ambayo itawapunguzia kazi sana. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Kama jina la tatu linaanza na konsonanti, kwa mfano Mazengo, Lusinde au Salumu, herufi tatu za mtoto ni nadra sana kuunda neno la Kiswahili, hata mkichagua jina gani. Rukeni hadi hatua ya 5, na kumbukeni vifupisho tu. Kama jina la tatu linaanza na A, E, I, O au U, hatua ya 4 inawahusu.

4. Wekeni kila jina mnalolitaka mbele ya herufi hizo mbili, kisha someni kama neno.

Nyumba ya Isaya Amosi ni mfano mzuri kwa sababu I.A. inaunda maneno karibu kwa kila konsonanti:

- Neema Isaya Amosi: NIA
- Baraka Isaya Amosi: BIA
- Lea Isaya Amosi: LIA
- Furaha Isaya Amosi: FIA
- Sechelela Isaya Amosi: SIA

Nyumba nyingine zina ya kwao. Iddi Bakari Athumani anasomeka IBA. Nuru Zuberi Issa anasomeka NZI. Daudi Obadia Amosi ni DOA, Omari Zuberi Athumani ni OZA. Na Neema Yohana Amosi, majina matatu mazuri ambayo ungeweza kuyakuta Jumapili yoyote kwenye kitabu cha ubatizo, yanatoa NYA.

Mpeni karatasi yule kijana. Msimweleze mnachotafuta, mwambieni tu asome kwa sauti. Mtu mzima husoma herufi moja moja kwa adabu, lakini mtoto wa shule husoma neno papo hapo, na akicheka mtajua. Kama nyumbani mnazungumza Chigogo, Kirangi au Kinyaturu, mpeni na bibi asikilize kwa lugha hiyo, kwani neno lisilo na shida kwa Kiswahili linaweza kuwa la aibu huko.

Mkishapata majibu, pimeni hivi. Tusi au uchafu, kama NYA: badilisheni jina la mtoto, au rudini hatua ya 1 mwangalie kama jina la ukoo linaondoa shida. Jambo la utani au la kusikitisha, kama BIA, NZI au LIA: ni uamuzi wenu, na mimi nisingeacha jina la Baraka kwa sababu hiyo. Utani wa namna hiyo hudumu muhula mmoja, kisha darasa hupata kitu kingine. IBA ningeiepuka, kwa kuwa kitu kikipotea darasani, herufi hizo zilizoandikwa kwenye begi zinamweka mtoto mahali pabaya bila kosa lake. Kama hakuna neno, songeni mbele.

5. Jaribuni ufupisho wa namna nyingine.

Majina yetu hayafupishwi kwa njia moja. Julius Kambarage Nyerere huandikwa J. K., jina la kwanza na la pili, huku Jakaya Mrisho Kikwete akijulikana kama JK kwa jina la kwanza na la mwisho, na Mrisho imerukwa. Kwa hiyo kagueni:

- herufi ya kwanza na ya pili;
- ya kwanza na ya tatu;
- ya tatu ikitangulia, kama kwenye orodha zinazoanza na jina la ukoo.

Hapa mnatafuta vifupisho ambavyo mtaa mzima unavijua. Tumaini wa ukoo unaoanza na B ni T.B. Winfrida wa ukoo unaoanza na Ch anaweza kuandikwa W.C. kama mlango wa choo cha stendi. Christina Charles wa ukoo unaoanza na M ni CCM, na katika mji wenye makao makuu ya chama hicho ataulizwa kila siku kama ni mwanachama. Daudi Elia Daudi ni DED, kifupi cha mkurugenzi mtendaji wa wilaya kwa Kiingereza. Haya mawili ya mwisho hayana ubaya, ila mjue yapo.

Kama mnategemea kumpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, someni pia kwa Kiingereza. Baba anayeanza na A na babu anayeanza na D wanatoa AD, na hapo B, S na M zote zinaunda maneno ambayo watoto wa shule hizo wanayajua tangu chekechea.

6. Linganisheni na ndugu zake.

Hatua hii wengi huiruka, na kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuhangaika na herufi. Watoto wa baba mmoja wanashiriki herufi mbili za mwisho. Tuseme jina la baba linaanza na J na la ukoo na M: ukiwaita Amani, Asha na Amina, wote watatu ni A.J.M.

Fikiria Januari, watoto wawili wa nyumba hiyo wako sekondari moja ya bweni. Fundi amepaka herufi nyeupe kwenye mfuniko wa kila tranka, na kwa kuwa nafasi mbele ya kufuli ni ndogo, amepaka A.J.M. kwenye yote mawili. Ndoo zina A.J.M. Sweta zimedariziwa A.J.M. kifuani. Matroni anapopanga mizigo iliyobaki nyuma ya basi, hana njia ya kujua kipi ni cha nani isipokuwa kufungua.

Hilo linavumilika. Kwa mapacha ni zito zaidi, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa nayo ni moja. Hassan na Hussein, Maria na Martha, Petro na Paulo: majina yamependwa kwa pacha miaka mingi, lakini kila jozi ina herufi moja. Kadi mbili za kliniki zenye H.J.M., baba mmoja, tarehe moja. Muuguzi mwenye foleni ndefu akifupisha jina, chanjo ya mmoja inaweza kuandikwa kwenye kadi ya mwenzake. Kulwa na Doto hawana shida hiyo. Sisemi mwache kuwaita Hassan na Hussein. Nasema kwamba mkiwaita hivyo, jina la kwanza liandikwe kwa urefu kila mahali, kuanzia kadi ya kliniki, na msikubali lifupishwe.

7. Iteni jina lote kwa sauti.

Mmoja asimame mlangoni, aite majina yote matatu kama mwalimu anavyoita mstarini. Kama ulimi unajikwaa kati ya jina la kwanza na la pili, mtalisikia hapo hapo. Haichukui muda.

8. Andikeni kwa herufi kubwa, mpelekeeni msajili karatasi.

Kwenye mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, kazi hufanyika kwenye vituo vya afya vyenye huduma ya uzazi na ofisi za kata, na cheti hujazwa kwa mkono hapo hapo. Kwa hiyo usitaje jina kwa mdomo. Weka karatasi mezani yenye majina matatu kwa herufi kubwa, pamoja na kitambulisho cha baba, na umwombe msajili anakili kutoka hapo.

Kabla hujatoka, soma cheti herufi kwa herufi. Usisome neno, maana jicho husoma linachokitarajia. Weka kidole chini ya kila herufi: N-E-E-M-A. Angalia majina ya wazazi pia. Ukiona kosa, sema pale pale. Hakuna msajili mwenye busara atakayekasirika.

*Kosa la kawaida:* kumtuma jirani au bodaboda kwa maelezo ya simu.

*Kosa jingine:* kuandika jina moja kwenye kadi ya kliniki, jingine kwenye cheti cha kuzaliwa, la tatu kwenye cheti cha ubatizo, mkitumaini kulipanga baadaye. Shule huandikisha kwa cheti cha kuzaliwa, na jina hilo ndilo linalokwenda naye hadi kwenye mitihani ya taifa.

Mkikwama

*Babu ameshatoa jina na herufi hazikai vizuri.* Jina la babu libaki. Msimvunjie heshima mzee kwa sababu ya herufi. Tazameni kama kubadili jina la tatu, la babu kwenda la ukoo, kunaondoa tatizo. Kama hakuondoi na neno ni la aibu kweli, mwelezeni mzee mwenyewe kwa upole, mkimwonyesha karatasi. Mara nyingi ana jina la pili moyoni.

*Mtoto ana jina la ubatizo na jina la nyumbani.* Chagueni moja liwe la kwanza kwenye cheti na mlishike. La pili litumike nyumbani au kanisani. Kuyaweka yote mawili pamoja na la baba na la ukoo kunatoa majina manne, na fomu nyingi zina nafasi ya matatu. Kila ofisi itakata la kwake.

*Mama anamwandikisha mtoto peke yake.* Hatua ni zilezile. Herufi mbili za nyuma zitatoka kwenye majina mtakayoamua kumpa mtoto, na wengi huchukua ya upande wa mama, yaani babu mzaa mama na ukoo wake. Mama aende na kitambulisho chake mwenyewe ili tahajia ifanane.

*Tumeshasajili, na sasa ndiyo tunaona herufi zinasomeka vibaya.* Msibadilishe cheti. Mwambieni mwalimu wa darasa aandike jina la kwanza na la mwisho kwa urefu, kwenye sweta mdarizi la kwanza peke yake, na kwenye begi mwandike jina lote. Herufi tatu hazilazimishwi mahali popote. Ni mazoea tu. Mimi mzazi akinieleza mapema, narekebisha rejista siku hiyo hiyo, na sijawahi kukutana na mwalimu mwenzangu aliyekataa.

*Watoto wawili tayari wana herufi sawa.* Ongezeni herufi ya pili ya jina la kwanza: Am. J. M. na As. J. M. Kama na hiyo inafanana, kama Amani na Amina, andikeni jina zima. Au mpeni kila mtoto rangi yake ya maandishi kwenye tranka, ndoo na godoro.

*Cheti kina kosa la tahajia.* Hili lisisubiri. Nenda kwa msajili aliyekitoa au ofisi ya usajili ya wilaya, ukiwa na tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi na nakala ya kila kimoja. Mtoto akiwa bado hajaanza shule, karatasi zinazopaswa kufanana ni chache. Akishafika darasa la saba, utahitaji kurekebisha cheti pamoja na kumbukumbu za shule, na usajili wa mtihani una tarehe ya mwisho ambayo haitakusubiri.